Nani Ameshika Kadi ya Waifai? Madraiva Yanapogombania Kifaa Kimoja Kwenye Linux

Mtu akiweka Linux kwenye laptopu na waifai ikagoma, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutafuta draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Anasakinisha moja, holaa. Anaongeza ya pili, kisha ya tatu aliyoiona kwenye video. Mwishowe mashine ina madraiva matatu ya kadi moja, na hali ni mbaya kuliko alivyoanza. Tatizo halikuwa uhaba wa draiva. Kwenye Linux kifaa cha PCI (njia ya ndani ya kompyuta inayounganisha kadi kama ya waifai) hushikwa na draiva moja tu kwa wakati mmoja, na iliyokishika inaweza kuwa ndiyo isiyokiweza. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, tafuta kwanza nani amekishika.

Mfano mkuu hapa ni chipu ya BCM43142 ya Broadcom. Imejaa kwenye laptopu za HP na Dell za miaka ya kati ya 2013 na 2016, zile zinazouzwa Kariakoo kama mitumba na Nairobi kama "ex-UK", na ugomvi wake una karibu kila aina ya kero utakayoikuta kwingine. Mfumo ninaoutumia kwenye maelezo ni Debian 12. Ubuntu na Mint hazina tofauti kubwa, isipokuwa majina ya vifurushi.

Fungua terminali uandike:

lspci -nnk -d 14e4:

Hiyo 14e4 ni nambari ya Broadcom kama mtengenezaji, na nukta mbili za mwisho zina maana, usizisahau. Majibu yatafanana na haya:

02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
    Kernel driver in use: bcma-pci-bridge
    Kernel modules: bcma, wl

Mistari miwili ya chini ndiyo yenye habari. "Kernel modules" ni orodha ya moduli, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa kwenye kerneli (kiini cha Linux), zinazodai kwamba zinakijua kifaa hiki. "Kernel driver in use" ndiye aliyekishika sasa hivi. Watu wengi husoma orodha, wakaona wl, draiva ya Broadcom yenyewe, imo, wakadhani kazi imekwisha. Lakini wl imo kwenye orodha tu. Kadi iko mikononi mwa bcma. Mstari wa "in use" ukikosekana kabisa, basi hakuna aliyeshika kitu, na huo si ugomvi bali ni shida nyingine: moduli imezuiwa, haijajengwa, au imekataliwa saini. Nitafika huko.

Kabla ya kwenda mbali, endesha pia rfkill list. Ikisema "Hard blocked: yes", kitufe cha waifai cha laptopu kimezima redio, au moduli ya mtengenezaji wa laptopu inatoa taarifa ya uongo. Kuna Lenovo za IdeaPad zisizo na kitufe chochote ambazo ideapad_laptop ilikuwa ikiripoti redio imefungwa. Hapo draiva ya waifai haina kosa, na ukiibadilisha mara mia hutapata kitu.

Sasa tuone ugomvi wenyewe unavyoanza. Kila kifaa cha PCI kinatangaza utambulisho wake kwenye faili moja dogo:

cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/modalias

Utaona mstari unaoanza na pci:v000014E4d00004365. Mashine inapowaka, udev (programu inayosimamia vifaa) huuchukua mstari huo na, kwa maktaba ya kmod ile ile inayotumiwa na modprobe, amri ya kupakia moduli, hutafuta kwenye modules.alias moduli zote zinazolingana nao, ikazipakia zote. Haichagui iliyo bora. Zikishapakiwa, ya kwanza kukikubali kifaa ndiyo inayokaa nacho, na nyingine zinabaki kwenye kumbukumbu bila kazi. Ukitaka kuona wagombea wote:

modprobe -R $(cat /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/modalias)

Angalia pia modinfo wl. Utambulisho inaoudai ni pci:v*d*sv*sd*bc02sc80i*, yaani kadi yoyote ya mtandao ya kundi la 0280, ya mtengenezaji yeyote. Ndiyo maana hata kwenye mashine yenye kadi ya Intel, wl ikiwa imesakinishwa itajipakia, ichungulie, ione si yake, ikae. Hupoteza kumbukumbu kidogo tu, lakini humchanganya sana mtu anayesoma lsmod (orodha ya moduli zilizopakiwa) akijaribu kuelewa nini kinaendelea.

Na bcma ni nini? Ndani ya chipu za Broadcom kuna njia ya mawasiliano inayounganisha vipande kadhaa: kipande cha redio ya 802.11, cha PCIe, cha usimamizi. Kazi ya bcma ni kuifungua njia hiyo na kuvionyesha vipande hivyo, kisha draiva nyingine, b43 au brcmsmac, ichukue kile cha redio. Kwa BCM4313 mpango huu unakwenda vizuri, brcmsmac inaichukua redio na waifai inawaka. Kwa BCM43142, b43 haiijui redio hiyo, wala brcmsmac haiijui. Lakini utambulisho 4365 wa baadhi ya kadi za Dell na HP umeandikwa ndani ya bcma. Kwa hiyo bcma inawahi siti kama abiria wa daladala asiye na safari: imekaa, haiendi popote, na wl mwenye safari anabaki nje. Ukitazama /sys/bus/bcma/devices utakuta vipande vimepangwa vizuri, bcma0:0 na kuendelea, na hakuna hata kiolesura kimoja cha waifai kwenye ip link.

Kumbukumbu za kerneli zitakuthibitishia hayo:

sudo journalctl -k -b | grep -E 'bcma|wl|b43|brcm|02:00.0'

Kuna nambari chache za makosa zinazofaa kukaa kichwani. Kosa -16 maana yake kifaa au rasilimali yake inatumiwa na mwingine. Huo ndio ugomvi. Kosa -2 maana yake faili halipo, na karibu kila mara linalokosekana ni faili la fimwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe. Kosa -19 maana yake draiva imetazama ikasema kifaa hicho hakipo au si chake. Mwenye kosa -2 akianza kuzuia moduli anajiongezea matatizo. Anachohitaji ni kifurushi cha fimwea.

Usiandike faili lolote la mipangilio kabla hujathibitisha kwamba kubadilisha mshikaji kunaleta dawa. Kifurushi cha broadcom-sta-dkms, kinacholeta wl, kikiwa tayari kimesakinishwa, mvue bcma kifaa hicho kimoja na umpe wl:

echo 0000:02:00.0 | sudo tee /sys/bus/pci/drivers/bcma-pci-bridge/unbind
echo wl | sudo tee /sys/bus/pci/devices/0000:02:00.0/driver_override
sudo modprobe wl
echo 0000:02:00.0 | sudo tee /sys/bus/pci/drivers_probe

Tumia tee namna hiyo. Ukiandika sudo echo na alama ya kuelekeza, anayefungua faili ni shell yako isiyo na mamlaka, na utaambiwa "Permission denied" ukashangaa sudo imeenda wapi. Faida ya njia hii ni kwamba haibaki: ukizima na kuwasha mashine, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. Waifai ikiwaka hapo, umepata uthibitisho. Isipowaka, hujaharibu kitu.

Wengine hupendelea kuondoa moduli zote kwa mkupuo:

sudo modprobe -r b43 b43legacy brcmsmac bcma ssb
sudo modprobe wl

Nayo inafaa, ila mpangilio ni lazima: zinazotegemea hutangulia kutoka, bcma na ssb ziwe mwisho. Ukiambiwa moduli inatumika, safu ya mwisho ya lsmod itakutajia nani anaitumia.

Ikishathibitika, ndipo unapoandika faili, tuseme /etc/modprobe.d/broadcom-yangu.conf. Jina lisipoishia na .conf halisomwi, na hakuna atakayekuambia kwamba halisomwi. Ndani yake:

blacklist bcma
blacklist b43
blacklist brcmsmac

Neno blacklist lina nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Linamwambia modprobe apuuze utambulisho ulioandikwa ndani ya moduli, basi. Moduli hiyo bado inaweza kupakiwa kwa jina lake, na bado inaweza kuingia kwa sababu moduli nyingine inaitegemea. Hili la pili limewatesa sana wenye laptopu za zamani zenye waifai ya BCM4312 pamoja na mtandao wa waya wa Broadcom unaoendeshwa na b44. Draiva ya b44 inategemea ssb. Hata ukiizuia ssb, b44 ikiingia inaivuta, na ssb ikishaingia inaishika kadi ya waifai kwa jina la b43-pci-bridge. Ukiitupa b44 yenyewe, unapoteza mtandao wa waya. Kinachosaidia ni kupanga foleni badala ya kuzuia:

softdep ssb pre: wl

Mstari huo unasema: kila ssb inapotaka kuingia, wl itangulie. Inapofika ssb, kadi ya waifai ina mwenyewe tayari, na ssb inabaki na ile ya waya peke yake.

Ukitaka zuio lisilopitika, andika install bcma /bin/false, au weka module_blacklist=bcma kwenye mstari wa kuwashia kerneli kupitia GRUB, programu inayouwasha mfumo. Hilo la mwisho hukagua kerneli yenyewe, kwa hiyo hata kuipakia kwa jina hukataliwa. Draiva iliyojengwa ndani ya kerneli, isiyo moduli, haizuiliki kwa yote haya. Utaijua ukilikuta jina lake kwenye /lib/modules/$(uname -r)/modules.builtin.

Halafu kuna makaburi ya mafaili. Mashine iliyopita mikono ya mafundi watatu huwa na mazuio yaliyosahaulika, na mara nyingine draiva iliyozuiwa ndiyo inayotakiwa. Kifurushi cha Ubuntu cha bcmwl-kernel-source huandika /etc/modprobe.d/blacklist-bcm43.conf kinachozuia karibu familia yote ya Broadcom. Mtu aking'oa wl lakini faili kama hilo likabaki, laptopu yenye BCM4313, ambayo ingewaka yenyewe bila kuguswa, inakaa bila waifai milele. Usikisie, mwulize modprobe anachokiona kwa jumla:

modprobe -c | grep -E '^(blacklist|install|softdep|options)'

Kisha tafuta kila mstari usiouelewa umetoka wapi, kwa grep -rn ndani ya /etc/modprobe.d na /usr/lib/modprobe.d. Mimi ningeifanya amri hii ya pili kila nikipewa mashine ya mtu mwingine, mara tu baada ya lspci.

Usakinishaji wa wl nao una mitego yake. Kwenye Debian 12 kifurushi kiko sehemu ya non-free, hazina ya programu zisizo huria. Kuongeza non-free-firmware peke yake hakutoshi, na apt atakuambia hakijui. Unahitaji intaneti ili upate waifai, kwa hiyo chomeka simu kwa waya wa USB utumie data yake. Kerneli inaitambua kama kadi ya mtandao bila kusakinisha kitu. Kisha:

sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Kuna anayesakinisha linux-headers-$(uname -r) badala yake. Itafanya kazi leo. Kerneli ikisasishwa, vichwa (headers) vipya haviji, DKMS, inayojenga moduli upya kwa kila kerneli, inashindwa kuijenga wl, na asubuhi waifai haipo. Mtu anadhani kuna ugomvi mpya wa madraiva, kumbe hakuna draiva kabisa. Amri ya dkms status itakuonyesha imejengwa kwa kerneli ipi. Ikishindwa kujengwa, sababu iko kwenye make.log ndani ya /var/lib/dkms/broadcom-sta/6.30.223.271/build/. Soma kosa la kwanza, si la mwisho. Toleo hilo la 6.30.223.271 ni la 2015, na Broadcom haijalifuatisha lingine. Linaendelea kujengeka kwa sababu wasimamizi wa vifurushi hulitia viraka kila kerneli inapobadilika. Kerneli mpya mno, kwa mfano ya backports (hazina ya Debian ya matoleo mapya zaidi), inaweza kulitangulia kiraka.

Kuna pia Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye saini tu mashine inapowaka. Ukiona

modprobe: ERROR: could not insert 'wl': Key was rejected by service

usihangaike na blacklist. Kerneli imekataa moduli isiyo na saini inayoiamini. Hakikisha kwa mokutil --sb-state. Kwenye Debian 12 ufunguo wa DKMS uko /var/lib/dkms/mok.pub; uandikishe kwa sudo mokutil --import, weka nywila ya muda, washa upya mashine, na kwenye skrini ya buluu chagua Enroll MOK. Skrini hiyo haikusubiri. Ukiipita, rudia kuanzia import. Kuizima Secure Boot ni rahisi zaidi, lakini kwa laptopu ya kazini sikushauri.

Mtindo huu wa kuuliza nani ameshika hauishii kwenye waifai. Kwa kadi za picha za NVIDIA, kerneli inasema yenyewe bila kuficha:

NVRM: GPU 0000:01:00.0 is already bound to nouveau.

Tofauti yake na waifai ni kwamba nouveau, draiva huria ya kadi hizo, mara nyingi huingia mapema mno, kutoka initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza mashine inapowaka), kabla mfumo haujafika kwenye diski yako na kulisoma faili la blacklist. Nakala ya modprobe.d iliyo ndani ya initramfs ndiyo inayotawala wakati huo. Kwa hiyo ukishaandika faili, tengeneza initramfs upya: update-initramfs -u kwenye Debian na Ubuntu, dracut -f kwenye Fedora, mkinitcpio -P kwenye Arch. Anayesema "nimeizuia lakini inarudi" amesahau hatua hii, karibu kila mara.

Suala la sauti ni dogo: kwenye laptopu mpya za Intel, kerneli ina mwamuzi wake, snd_intel_dspcfg. Sauti ikipotea, jaribu options snd_intel_dspcfg dsp_driver=1 kwa draiva ya zamani ya HDA, au 3 kwa ile mpya ya SOF. Usizuie moduli moja moja.

USB inahitaji maneno zaidi, kwa sababu huko mnyang'anyi anaweza asiwe draiva. Bodi nyingi za bei nafuu za Arduino na NodeMCU zinatumia chipu ya CH340, nambari 1a86:7523. Ukiichomeka kwenye Ubuntu 22.04, /dev/ttyUSB0 inatokea na kupotea papo hapo. Watu hubadilisha waya, hubadilisha tundu, wengine hujenga draiva ya ch341 kutoka mtandaoni. Kerneli imeshasema:

usb 1-2: usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart ttyUSB0: ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0

Draiva ya ch341 ilikishika kifaa sawasawa. Aliyekipokonya ni brltty, programu ya kuendeshea vifaa vya maandishi ya nukta nundu kwa wasioona, kwa sababu baadhi ya vifaa hivyo hutumia chipu hiyo hiyo yenye nambari hiyo hiyo. Ushauri uliozagaa ni kuing'oa brltty. Kwenye kompyuta yako binafsi, sawa. Kwenye maabara ya shule au maktaba, mwanafunzi asiyeona anaweza kuwa anaitegemea, na kumnyang'anya skrini yake ili bodi ya Arduino iwake si haki. Nakili /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules kwenda /etc/udev/rules.d/ kwa jina lile lile, weka alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86/7523, kisha sudo udevadm control --reload. Nakala ya /etc inaifunika ya kifurushi, na sasisho halitaifuta.

Modemu za USB za Huawei zina ugomvi wa namna hiyo hiyo. Zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama CD, na lsusb -t huonyesha Driver=usb-storage; usb_modeswitch ikishazigeuza, nambari ya bidhaa hubadilika na utaona Driver=option. Programu yako ikisema ttyUSB0 inatumika, sudo fuser -v /dev/ttyUSB0 itakutajia jina, na mara nyingi litakuwa ModemManager, programu inayosimamia modemu.

Turudi kwenye BCM43142, maana kuna swali kama inastahili shida yote hii. Ni kadi ya 2.4 GHz pekee, na draiva yake haina mtu anayeisukuma mbele. Kama laptopu inafunguka kirahisi, kuibadilisha kwa Intel 7260 ni nafuu kuliko usumbufu: draiva yake, iwlwifi, huja pamoja na kerneli, na fimwea yake iko kwenye kifurushi cha firmware-iwlwifi. Tazama umbo kwanza. Kadi ya mini PCIe inataka 7260HMW, ya M.2 inataka 7260NGW, na viunganishi vya antena vya M.2 ni vidogo zaidi, havibadilishani. Kwenye baadhi ya HP, BIOS hukataa kadi isiyo kwenye orodha yake na mashine husimama na ujumbe wa "104-Unsupported wireless network device detected". Tafuta basi kadi yenye nambari ya kipuri ya HP, au tumia ya USB.

Ukishabadilisha, safisha: sudo apt purge broadcom-sta-dkms, futa broadcom-yangu.conf, update-initramfs -u, washa upya. Kisha soma cat /proc/sys/kernel/tainted, nambari inayoonyesha kama kerneli imepakia moduli za nje. Ikiwa na wl, kwa kawaida ilionyesha 4097, au 12289 moduli ikiwa haina saini. Sasa isome 0. Isiposoma 0, huenda bado kuna moduli ya nje inayopakiwa; itafute kwenye orodha ya lsmod.